Utepe Mwekundu Mkiani mwa Sultan

Karibu na Leyburn, Yorkshire
6 Februari 1983

Dada yangu mpendwa Muriel,

Salamu kutoka kwenye baridi hii isiyo na adabu. Sisi wazima, isipokuwa goti la Clifford limevimba tena na amejifanya mgonjwa wa tatu nyumbani. Wa pili ni mimi na mafua yangu, wa kwanza ni gari. Theluji imeziba njia ya juu tangu Jumatatu. Shangazi Beryl anakusalimia na anauliza kama huko Tasmania bado mnatembea kichwa chini miguu juu. Nimemwambia ndiyo, akafurahi sana. Shemeji Desmond na matufaha yake hawajambo?

Haya, nimekuchekesha, sasa nikuudhi.

Alhamisi nilikwenda kwa Alderson kuwapelekea farasi wetu karoti. Unajua mimi huenda Jumapili, hospitali hainipi siku nyingine, lakini wiki hii nilibadilishiwa zamu na sikumwambia mtu kuwa nakuja. Nilipofika uani nikasikia kitu kizito kinatua kwenye nyama. Kimya. Kikatua tena. Nikazunguka nyuma ya banda la mwisho, na pale nikamkuta Sultan amefungwa kamba fupi kwenye pete ya ukutani, pua imebanwa kwenye mawe, na Seth Alderson anamcharaza kwa kipande cha mpira wa maji, ule mweusi mnene. Anampiga miguu ya nyuma tu, Muriel. Wala hakuwa na hasira. Alikuwa anapiga kama mtu anayepasua kuni: anapiga, anavuta pumzi, anapiga. Damu ilikuwa inachuruzika mpaka kwenye kwato na theluji ya pale imelowa.

"Acha!" nikapiga kelele.

Akageuka taratibu. "Nenda nyumbani, Enid. Hii ni kazi ya kila Alhamisi."

Kila Alhamisi! Na mimi miaka yote hii nikiona majeraha naambiwa kajigonga mlangoni, kajikwaruza kwenye waya, na naamini, mjinga mimi! Kulikuwa na beleshi limeegemea ukuta. Sikumbuki nililichukua vipi. Nakumbuka mlio lilipomtua Alderson sikioni, na nakumbuka alipoanguka nikampiga tena kwenye vidole vilivyoshika ule mpira, nikavisikia vinavunjika. Sijuti. Alikaa chini kwenye theluji akishika sikio lililokuwa linaning'inia, na badala ya kunitukana alianza kulia.

"Jabez alikufa Alhamisi," akasema. "Rafiki yangu wa miaka arobaini alipasuliwa kifua na miguu hii hii, na wewe binti yake unakuja kunipiga mimi?"

Nimeamua kuwahamisha. Ng'ambo ya mto kuna Bi Rosalind Thwaite, anatunza farasi wa watu kumi na wawili, mabanda makavu, malisho mazuri, na hana mpira wa kupigia mtu. Bramble wangu amempokea bila swali. Sultan, la. "Nimeona utepe mwekundu mkiani mwake," aliniambia. "Hiyo ni alama ya mpiga mateke, na simtaki hapa, mpenzi. Watu wangu wanapita nyuma ya farasi kutwa wakipiga soga. Nikimpokea yule, nitaanza kuhesabu meno yao."

Sasa niambie wewe. Sultan ni wako, Baba alituachia mmoja mmoja, na bila neno lako simhamishi. Tena wewe ndiye uliyekuwepo Baba alipopigwa teke, miaka minane iliyopita. Mimi mwaka ule nilikuwa Leeds nasomea uuguzi, na nilipoondoka Sultan alikuwa hajawahi kumwinulia mtu mguu. Nimerudi kwenye mazishi nikakuta ana utepe. Je, kweli alikuwa mpiga mateke kabla ya siku ile? Nijibu hilo tu.

Nakupenda,
Enid


Huon, Tasmania
20 Februari 1983

Mdogo wangu Enid,

Barua yako imefika salama na nimefurahi kusikia mnaendelea, ukiacha goti la shemeji. Mwambie alipake mafuta ya moto na aache kulalamika. Huku ni joto kali. Moshi wa moto wa porini unatufikia kila asubuhi na nguo zikianikwa zinanuka. Tunaanza kuchuma wiki ijayo. Juzi Desmond alimkata nyoka vipande viwili kwa jembe mbele ya mlango wa jikoni, na kile kipande cha kichwa kikaendelea kuuma mpini kwa muda mrefu sana. Nimesafisha pale kwa maji ya moto mara tatu.

Nimesikitika kwa ulichokifanya. Mtu mzima kumpiga mtu mzima kwa beleshi! Mama angekuwa hai angeona haya kupita sokoni. Alderson ni mgumu lakini anawajua wale farasi, na alikuwa mwema kwetu tulipofiwa. Nenda ukamwombe radhi. Kumhamisha farasi mzee kwenda kwa wageni ni kumtesa, atakataa kula.

Waache walipo, Enid. Mambo ya zamani tusiyachokonoe.

Jam ya mwaka huu nitakutumia kama sanduku halitavunjika.

Dada yako,
Muriel


Leyburn
7 Machi 1983

Dada Muriel,

Asante kwa barua na kwa jam ambayo bado haijawa jam. Clifford amepaka mafuta na sasa ananuka kama jiko la mgahawa. Shangazi Beryl alianguka kwenye barafu nje ya kanisa lakini hakuvunjika kitu, ila alimwangukia mchungaji.

Hukunijibu. Nilikuuliza jambo moja, ukanijibu nyoka.

Kwanza, habari za radhi: thubutu! Alderson ameshonwa nyuzi tisa, na sokoni siku hizi wanamwita Nusu Sikio. Hakwenda polisi, maana angeulizwa alikuwa anafanya nini. Nimemwekea masharti. Nakwenda kila siku kabla na baada ya zamu, na akimgusa Sultan tena nitashusha beleshi kwa upande wa makali. Alinitazama akasema, "Fanya, Enid. Mimi nilimwahidi Jabez kaburini kwamba huyu mnyama hatakufa haraka." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniambia bei ya viazi.

Kumbe ndivyo alivyompokea! Tuliposhindwa kulilipia shamba na yeye akasema lete farasi kwangu, mimi nikamshukuru kwa machozi.

Unamkumbuka Sultan alipozaliwa? Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nililala katikati ya miguu yake, Baba akanikuta asubuhi nimemwegemea, hakutikisika usiku kucha asije akanikanyaga. Juzi nilimwosha vidonda. Mtu akakohoa barabarani, mwanamume tu anapita na mbwa wake, na Sultan akajikojolea pale pale. Farasi wa miaka kumi na saba! Nilirudi kwenye gari nikalia mpaka kioo kikafanya ukungu.

Ulisema mbele ya wale wa uchunguzi wa kifo kwamba alianza mateke baada ya mwaka mpya, na Baba mwenyewe ndiye aliyemfunga utepe. Mwaka ule nilikuwa na uchungu mwingi, sikuuliza kitu. Sasa nauliza. Kama kweli ni mpiga mateke, basi sina pa kumpeleka, atabaki kwa Alderson apigwe mpaka afe siku nitakayougua na kushindwa kwenda. Kama si mpiga mateke, namvua utepe kesho na Bi Thwaite atampokea kwa neno lako. Ameniambia, "Dada yako akiandika kwa mkono wake, nitamwamini, kwa sababu alikuwepo."

Ndiyo au hapana. Usiniandikie habari za matufaha.

Enid


Huon
25 Machi 1983

Enid,

Hapana. Sultan hakuwahi kumpiga mtu teke kabla ya siku ile.

Mvue utepe. Mhamishe. Mwonyeshe Bi Thwaite barua hii. Usiniulize zaidi, nakuomba sana.

Muriel


Leyburn
10 Aprili 1983

Dada yangu wa pekee,

Mungu akuzidishie! Sikusubiri hata chai. Nilimkimbizia Bi Thwaite barua yako, akavaa miwani, akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akasema, "Hana maneno mengi dada yako." Nikamwambia ulikuwa nayo, uliyapoteza baharini.

Jumamosi nilikwenda na trela ya binamu wa Clifford. Alderson alisimama langoni mikono mfukoni, vidole vyake viwili bado vimefungwa. Bramble aliingia kama bibi arusi. Sultan aligoma. Alitetemeka, akajipiga kichwa kwenye chuma mpaka damu ikamtoka juu ya jicho, akaniburuta uani, nikaanguka kifudifudi, nikainuka, tukaanza tena. Saa mbili nzima! Midomo yangu yote ilichanika. Mwishowe nilimfunga koti langu machoni na kumnong'oneza yale niliyokuwa namwambia akiwa mtoto, akaingia.

Kisha nikaufungua ule utepe mbele ya Alderson, taratibu, ili aone. "Dada yangu ameandika," nikamwambia. "Huyu hajawahi kuwa mpiga mateke."

Uso wake ulibadilika. "Basi nani aliufunga?" akauliza.

Nikamwambia Baba aliufunga kwa sababu zake, nikapanda gari. Lakini njia nzima nilikuwa na utepe mfukoni na swali lake masikioni. Muriel, kama Sultan hakuwa mpiga mateke, Baba angemfungia utepe wa nini? Baba alikuwa mtu ambaye angekupiga kofi kwa kumfunga farasi utepe wa uongo. Ni sawa na kumwandikia mtu neno mwizi kwenye paji la uso. Sikuulizi kwa ubaya. Nataka kujua tu.

Wanakula vizuri. Bi Thwaite anamwita Sultan "Mzee wangu".

Wako,
Enid


Leyburn
5 Juni 1983

Muriel,

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, ndiyo maana unafanana na wa Shangazi Beryl. Beryl mzima. Clifford mzima, anapika, tunakonda wote. Wewe una wiki nane hujaandika. Nilidhani barua imepotea, sasa sidhani tena.

Nitakueleza kilichotokea Jumanne ya tarehe 17 Mei, nitakueleza kifupi kwa sababu mkono unachoka.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua zuri. Nilikuwa nampiga Sultan brashi uani. Bi Thwaite alikuwa nyuma yake anachana mkia, anatusimulia habari za ndoa ya mpwa wake, anacheka. Alikuwa amesimama pale wanapokatazwa kusimama wote, kwa sababu nilimwambia hapana neno, na wewe ulimwandikia. Ndugu yake akatoka na mpira wa maji kuosha sakafu. Mweusi, mnene. Akautupa chini ujikunjue.

Sultan hakupiga teke moja, alipiga mpaka akachoka. La kwanza lilimpata Bi Thwaite nyongani na nilisikia mfupa ukikatika, mlio mkavu, akaruka akagonga ukuta. La pili lilimpata pale pale ukutani. Nikamshika hatamu, akazunguka, akanipata mkono wa kulia juu ya kiwiko na chini yake, mkono ukapinda mahali ambapo hauna kiungo. Nikaanguka. Alipiga teke ndoo, mlango, hewa. Alikuwa analia, Muriel, sikujua kama farasi hulia vile. Ndugu yake Bi Thwaite alisimama na ule mpira mkononi anauliza, "Nimefanya nini? Nimefanya nini?" Nikamwambia utupe, utupe! Alipoutupa mbali, Sultan alisimama, akaja kunisukuma na pua nilipolala.

Bi Thwaite hakufa. Hatatembea tena bila fimbo mbili, na pengine hata hizo hazitasaidia. Nilikwenda kumwona wodini. Hakunilaumu. Alisema, "Dada yako aliandika kwa mkono wake." Hilo tu.

Sasa nisikilize. Familia yake inataka Sultan apigwe risasi, na sina uso wa kuwakatalia. Daktari wa mifugo, mzee mwenye huruma, alimkagua miguu akaniambia makovu yale ni ya miaka minane, na farasi anayepigwa miguu ya nyuma kila wiki kwa miaka minane atafundishika mateke hata kama alizaliwa malaika. Kwa hiyo ulichoandika kilikuwa kweli, na kilishaoza kabla hujaandika. Alipigwa kwa sababu ya utepe, na kwa kupigwa akawa kile utepe ulichosema.

Nimemwambia daktari nangoja barua. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Kama Sultan alimuua Baba kwa ubaya wake, nitamshikia kichwa mwenyewe na risasi ipite. Kama kuna mtu alimtia katika haya, sitaruhusu afe kwa kosa la mwingine. Nani alifunga ule utepe?

Safari hii usiponijibu, nitajua.

Enid


Huon
16 Juni 1983

Mdogo wangu,

Desmond hajambo. Matufaha yamekwisha. Nimekaa na karatasi hii tangu mchana na sina salamu nyingine.

Niliufunga mimi.

Alhamisi ile, tarehe 13 Februari, Baba alikuta tiketi yangu ya kuja huku kwenye sanduku la nguo akaitia jikoni, kwenye moto. Nilimkuta anaikoroga na chuma ili iungue vizuri. Nilitoka nikachukua mjeledi wake wa kuwindia, ule mrefu. Alikuwa ametoka uani, ameinama nyuma ya Sultan anamchokoa kwato. Alijua nimesimama pale. Hakugeuka hata kidogo. Alisema, "Utaishi hapa na utanipikia hapa mpaka nikuzike au unizike."

Nikainua mjeledi. Nilitaka kumpiga yeye. Nataka ulielewe hili, maana nimejidanganya miaka minane kwamba nilitaka kumtisha. Nilitaka kumchana mgongo. Aliinuka, mjeledi ukampita, ukamwingia Sultan katikati ya miguu ya nyuma, mahali pa nyama laini, kwa nguvu zangu zote. Alipiga teke moja tu. Kifuani.

Baba alikaa chini kwenye mawe kama mtu aliyechoka. Akanitazama. Damu ikamtoka puani na mdomoni, akawa anajaribu kusema. Nilifikiria watakavyouliza: farasi mpole kama yule, nani alimshtua? Nikaingia kwenye chumba cha matandiko, nikatafuta kwenye kisanduku cha kuwindia, nikapata ule utepe wa yule jike mkorofi tuliyemuuza zamani. Nikamfunga Sultan mkiani. Mikono ilikuwa inateleza, fundo likanishinda mara mbili. Nikaosha mjeledi. Ndipo nikakimbia kumwita Alderson.

Baba alikuwa bado anapumua nilipokuwa nafunga. Nilimsikia. Nilipofunga mara ya tatu sikumsikia tena.

Nilipoandika "hapana" mwezi wa tatu nilidhani nimefanya wema. Nilidhani ataondoka kwa Alderson na mambo yataishia hapo. Sikujua alikuwa anampiga, Enid, naapa, mpaka uliponiandikia. Baada ya hapo nilijua, na bado nikakuandikia habari za nyoka.

Usimpige risasi. Nakuomba usimpige risasi. Nifanye nini? Niambie nikafanye nini na nitafanya.

Muriel


Leyburn
4 Julai 1983

Muriel,

Barua yako ilifika tarehe 27. Niliisomea jikoni nimesimama, kisha nikatapika kwenye sinki. Clifford alidhani ni mapishi yake, maskini.

Mimi ni muuguzi. Unajua nimekaa na vifua vilivyopasuka miaka mingapi? Mtu anayepumua bado yupo. Tungempoteza labda, na labda tusingempoteza, na hilo nitalibeba mimi kila nikimwingiza mgonjwa wodini. Wewe ulikuwa unatafuta fundo. Sikusamehi. Nimejaribu siku saba, haitoki.

Nilimpelekea Alderson barua yako. Nilidhani ana haki. Aliisoma mara mbili akitembeza midomo, kisha akainuka akaenda kwenye lile banda la mwisho, tupu sasa, akaanza kupiga ukuta wa mawe kwa ngumi. Ile ya vidole nilivyovunja mimi. Alipiga mpaka mfupa ukaonekana. Nilimshika kiuno kwa mkono wangu mmoja mzima nikamwambia, "Inatosha, Seth, inatosha," akanikokota kama mtoto na kuendelea kupiga.

Alipoanguka nikamfunga kitambaa, kwa mkono wa kushoto, na yeye akinishikilia ncha kwa meno. "Miaka minane," akasema. "Kila Alhamisi nilimwambia, hii ni ya Jabez. Na yeye hakuwahi kunielewa kwa nini." Kisha akaniuliza kama nadhani farasi hukumbuka nyuso. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi hatakuja kumwona. Ule mpira ameuchoma kwenye moto wa jikoni, nyumba nzima inanuka, majirani wamelalamika.

Bi Thwaite nilimsomea pia, kitandani. Akasema, "Mpe huyo mzee malisho, mpenzi. Mmoja wetu apone." Yeye mwenyewe aliwakataza ndugu zake kuleta bunduki. Mwanamke asiye na nyonga, Muriel, ana moyo kukushinda wewe mwenye miguu miwili.

Umeuliza ufanye nini. Mwandikie Bi Thwaite, kwa mkono wako, yote, bila tufaha hata moja. Kisha nenda ukawaambie polisi wa huko au usiende, mimi sitakwenda kwa niaba yako. Nyumbani usije wakati Alderson yu hai. Si mimi ninayesema, ni yeye, na sasa hivi ana mkono mmoja tu wa kukupigia lakini ningekuwa wewe nisingejaribu.

Farasi nimewahamisha wote wawili. Sultan yu hai, anakula, juzi alijilaza juani ubavu kwa mara ya kwanza tangu nimjue akiwa mzee. Bramble hamwachi. Mwenye mahali pale ameambiwa kila kitu, na ana shamba kubwa lisilo na bomba la maji. Farasi wanakunywa kijitoni. Ni wapi, sikuambii. Alikuwa wako kwenye karatasi, sasa si wako hata kwenye karatasi. Utapata waraka wa kutia sahihi, tia sahihi.

Kule hakuna mtu wa kupita nyuma yake, kwa hiyo utepe hauhitajiki tena. Ulikuwa bado mfukoni mwa koti langu. Nimeufua, damu imetoka, rangi haikutoka. Nimeukunja nimeutia humu kwenye bahasha.

Ni wako. Ufunge, Muriel, watu wajue wasipite nyuma yako.

Enid